Subaru STI au Mitsubishi Evo X: lipi linafaa kuwa gari langu la kwanza hapa Mwanza?

MuuzaNyavu aliandika:

Habari za jioni wanajukwaa, na shikamooni wakubwa zangu. Nina umri wa miaka 37, ninauza nyavu na vifaa vya uvuvi jirani na mwalo wa Kirumba, na kwa miaka yote ya biashara nimekuwa mtu wa pikipiki. Sijawahi kumiliki gari hata moja. Leseni yangu ina daraja A na D, na ninaposhika usukani huwa ni wa Noah ya kaka yangu, tena kwa safari za mizigo. Sasa Mungu amejalia, akiba imetimia, na nimeamua kwamba gari langu la kwanza litakuwa lile nililolitamani tangu utotoni.

Tatizo ni kwamba yako mawili. Marehemu baba alikuwa mfuatiliaji mkubwa wa Safari Rally ya Kenya. Mwaka 1997 Colin McRae alipoishinda akiwa na Subaru, na mwaka uliofuata Richard Burns alipoishinda akiwa na Mitsubishi, barazani kwetu Nyegezi ulizuka ubishi uliodumu hadi nikawa mtu mzima, nami sikuwahi kuchagua upande.

Magari ninayoyatazama yote ni ya mwaka 2008, yote bado yako Japani kwa wauzaji, na yote yana injini yenye tabo (kifaa kinachosukuma hewa zaidi ndani ya injini) inayovuta magurudumu manne. La kwanza ni Subaru Impreza WRX STI lenye mlango wa nyuma wa kunyanyua, gia sita za mkono na nguvu za farasi 308. La pili ni Mitsubishi Lancer Evolution X aina ya GSR, lenye gia sita za SST zinazojibadilisha zenyewe, na nguvu za farasi 280. Uwezo wa kuvuta unalingana kabisa, Nm 422 kwa kila moja, na bei zinapishana kidogo, Evo ikiwa juu.

Nitalitumia kila siku kati ya Nyegezi na Kirumba, mara mbili kwa mwezi nitavuka daraja la Kigongo–Busisi kwenda kwa wateja wangu wa Sengerema na Geita, na mara mojamoja nitafika Musoma. Naomba kujua lipi linapatikana spea na mafundi kwa urahisi zaidi, lipi linavumilia petroli yetu, na ushuru utanigharimu kiasi gani. Ninachoomba msinishauri ni Noah. Ushauri huo ninaupata nyumbani bure, kila siku, wakati wa chakula.

FundiWaMabatini alijibu:

Marahaba, ndugu yangu, na hongera kwa kutimiza akiba. Nimekuwa fundi kwa miaka 19, na magari haya yote mawili yamepita mikononi mwangu, Subaru mengi na Evo machache. Uchache huo wa Evo ndio mwanzo wa jibu langu.

Ukitembea kuanzia Igoma hadi Pasiansi utakutana na Forester na Impreza za kawaida nyingi mno, na Forester nyingi zenye tabo hutumia injini ya jamii ya EJ20, ambayo ndiyo jamii ya injini ya STI ya soko la Japani. Kwa hiyo mkanda wa taimingi, pampu ya maji, baadhi ya sensa na gasketi kadhaa unaweza kuzipata bila kuagiza mbali, na fundi anayeifahamu injini hiyo huna haja ya kumtafuta kwa tochi. Hata hivyo usikubali kudanganywa kwamba STI ni Forester iliyovaa suti. Giaboksi yake ya gia sita, difu ya kati ambayo dereva huirekebisha kwa kitufe, na breki zake za Brembo ni vitu vyake peke yake, na siku vikiharibika utaagiza na kusubiri kama mwenye Evo anavyosubiri.

Injini ya Subaru imelala, pistoni mbili zikipiga upande wa kulia na mbili upande wa kushoto. Ulalo huo huuteremsha uzito karibu na ardhi na kulipa gari utulivu kwenye kona, ila sisi mafundi tunaulipia kwa ngozi ya vidole, kwa sababu plagi ambazo kwenye Evo ziko juu na huonekana mara tu ukifungua boneti, kwenye Subaru zimejificha ubavuni, kati ya injini na bodi. Mkanda wa taimingi hubadilishwa ifikapo kilometa 100,000. Ukikatika, valvu na pistoni hukutana, na hapo hutakuwa ukinunua mkanda tena, utakuwa ukitafuta injini. Evo X haina mkanda. Injini yake ya 4B11 inatumia cheni, na hilo ni jambo zuri sana kwa mtu asiyependa kuhesabu kilometa. (Evo za nyuma, hadi ile ya tisa, zilikuwa na mkanda na bloku ya chuma, na watu wengi huchanganya sifa za injini ile ya zamani na hii mpya ambayo bloku yake ni ya aluminiamu.)

Sasa nije kwenye petroli, kwa sababu hapa ndipo nimeona fedha za watu zikiteketea. Magari haya yalitengenezwa kwa ajili ya petroli ya daraja la juu ya Japani, ambayo oktani yake, yaani uwezo wa kutowaka kabla ya wakati, inakaribia 100. Ya kwetu haifiki hapo. Gari likiwa kama lilivyotoka kiwandani, kompyuta yake husikia injini inapoanza kugonga, yaani petroli inapowaka kabla ya wakati, na kuchelewesha cheche, hivyo utapoteza nguvu kidogo lakini injini itabaki salama. Hatari iko kwenye gari ambalo mwenyewe wa kule alikwishalichokonoa, akaongeza presha ya tabo na kuipanga upya kompyuta kwa petroli yao. Gari la namna hiyo likinyweshwa petroli ya huku na kukanyagwa kupanda kilima cha Bugando, injini itagonga bila mtu kusikia, na kwa Subaru kinachovunjika kwanza ni zile kingo za pistoni zinazoshikilia ringi. Nimefungua injini za hivyo tatu. Wenyewe wote walisema gari lilikuwa halina tatizo lolote mpaka siku hiyo.

Kwa upande wa Evo, wasiwasi wangu ni vitu viwili. SST ni giaboksi yenye klachi mbili zinazoogelea kwenye oili yake maalumu. Inataka oili hiyo na filta yake vibadilishwe kwa wakati, na haipendi joto la foleni ya kusogea hatua kwa hatua. Mimi sijawahi kuifungua, na sitaifungua ya mteja ili nijifunzie. Kitu cha pili ni pampu ya AYC, mfumo unaogawa nguvu kati ya magurudumu mawili ya nyuma. Pampu hiyo imewekwa nyuma karibu na gurudumu, mahali panaporushiwa maji na tope. Ikiwa gari lilitumika kaskazini mwa Japani, ambako barabara humwagiwa chumvi wakati wa theluji, pampu hiyo huliwa na kutu.

Kati ya magari mawili uliyoyataja, mimi ningechukua STI. Kama Evo hiyo ingekuwa na gia za mkono, ningefikiri zaidi. Ukilipata lolote kati ya hayo, badilisha oili ya injini kila kilometa 5,000, kagua kijiti cha oili kila unapojaza mafuta, na baada ya mwendo mkali liache lingurume taratibu kwa dakika moja kabla ya kulizima, ili oili iendelee kuipoza tabo.

HesabuZaBandari alijibu:

Nitajibu suala la ushuru peke yake, kwa sababu nimeagiza magari kadhaa na nimeona watu wakitoa machozi bandarini kwa kutopiga hesabu mapema.

Magari yote mawili yamepita miaka 10, kwa hiyo yanaingia kwenye ushuru wa uchakavu wa asilimia 30. Kwa viwango nilivyolipa mimi, ushuru wa forodha ni asilimia 25 ya thamani ya gari pamoja na bima na nauli ya meli. Jumla hiyo hutozwa ule uchakavu pamoja na ushuru wa bidhaa. Kisha juu ya vyote huja VAT ya asilimia 18. Tuchukue mfano wa gari ambalo thamani yake ikifika Dar es Salaam ni shilingi milioni 30. Forodha ni milioni 7.5. Uchakavu ni milioni 11.25. Ushuru wa bidhaa kwa injini isiyozidi cc 2,000 ni asilimia 5, yaani milioni 1.875, na VAT inakuwa takribani milioni 9.1. Ukijumlisha unapata karibu milioni 29.7, ambayo ni sawa na kusema unalinunua gari mara mbili, na hapo sijagusa tozo ndogondogo, gharama za wakala wala usajili.

Zingatia jambo moja ambalo wanunuzi wengi wa STI hulisahau. Injini ya STI ya Japani yenye gia za mkono ina cc 1,994 na ile ya Evo X ina cc 1,998, hivyo zote zimepona kwa kipimo cha kijiko. Lakini STI iitwayo A-Line, ambayo ni otomatiki, pamoja na STI zilizotengenezwa kwa masoko ya nje, zina injini ya cc 2,457, na ushuru wake wa bidhaa hupanda hadi asilimia 10. Kwa mfano wangu wa milioni 30 hiyo ni nyongeza ya zaidi ya milioni 2. Tena TRA, mamlaka yetu ya mapato, hukadiria kwa thamani iliyo kwenye mfumo wao, hata kama wewe ulilipata kwa bei ya kutupa, kwa hiyo ingia kwenye kikokotoo chao cha magari yaliyotumika kabla hujatuma hata senti.

Na gari likitoka bandarini, usimkabidhi dereva wa kukodi alilete Mwanza. Nilifanya hivyo kwa Impreza yangu ya kwanza. Ni zaidi ya kilometa 1,100 kupitia Dodoma, Singida na Shinyanga, na kijana niliyempa alifika mapema kiasi kwamba nilipompokea Usagara nilishindwa kumpongeza. Klachi ilikuwa ikinuka na tairi za mbele zilikuwa zimeliwa upande mmoja. Lipia lori la kubeba magari, au panda basi uende ukaliendeshe mwenyewe pole pole.

MamaWaIlemela alijibu:

Kaka yangu, mimi si mtaalamu wa injini, lakini mume wangu aliwahi kuwa na Evo X na nimekaa kwenye kiti chake cha nyuma. Kiti hicho hakikunjwi, na sehemu ya buti imechukuliwa na betri pamoja na chupa ya maji ya waipa, kwa hiyo bando la nyavu halitaingia humo. STI yenye mlango wa kunyanyua viti vyake hukunjwa. Wewe ni mfanyabiashara, hilo lisikupite.

Kata bima kubwa tangu siku ya kwanza. Na ukumbuke kwamba kwenye makazi ya watu kikomo ni kilometa 50 kwa saa, kwamba kutoka Buhongwa hadi mjini matuta na tochi za trafiki vinapokezana, na kwamba faini ya shilingi 30,000 haiulizi gari lako lina farasi wangapi.

MwanaEvo_Bunda alijibu:

Nimewasoma wote kwa utulivu, na ninaona Evo inahukumiwa bila wakili. Niruhusuni.

Ninamiliki Evo X ya gia tano za mkono kwa mwaka wa nne sasa. Fundi amesema kweli kuhusu pampu ya AYC, kwa sababu yangu ilikufa mwezi wa tatu tangu ninunue. Aliyeniuzia alikuwa amenihakikishia kwamba taa iliyokuwa ikiwaka kwenye dashibodi ilisababishwa na betri dhaifu, nami kwa kuwa nilikuwa nimeshapenda nikaamini. Nilisubiri pampu ya mtumba kutoka Japani kwa muda wa miezi miwili, na katika muda huo gari lilitembea, ila lilikuwa kama mcheza ngoma aliyefungwa mguu mmoja.

Ndipo nilipouelewa mfumo huo unafanya nini. AYC hugawa nguvu kati ya gurudumu la nyuma la kulia na la kushoto, hivyo ukiingia kwenye kona gurudumu la nje husukumwa zaidi na pua ya gari huvutwa ndani, wakati STI, ambayo nimeiendesha mara nyingi, ukiizidishia mwendo pua yake huelekea kutoka nje kabla haijatii. Usukani wa Evo hujibu kabla hujamaliza kufikiri. Mtu anayesema magari haya mawili yanafanana ameyaendesha kwenye foleni.

Hata hivyo, kwa sababu hiyohiyo, sitamwambia mtu aliyetoka kwenye pikipiki aanze na Evo yenye SST. Siogopi nguvu zake kwa niaba yako, ninaogopa giaboksi. Tafuta ya mkono, hata ikikuchukua miezi sita zaidi. Na ukiipata, ukija huku kwetu, kipande cha Lamadi hadi hapa Bunda kinapita kando ya hifadhi ya Serengeti, pale Ndabaka, na nyani hukaa kandokando ya lami kama abiria wanaosubiri daladala. Hapo hata mwenye Evo hutembea kama mwenye Noah.

JiraniWaKisumu alijibu:

Ninawasalimu kutoka upande wa pili wa ziwa. Shukuruni kwamba mnayo nafasi ya kuchagua. Sheria yetu hairuhusu kuagiza gari lililozidi miaka 8, kwa hiyo STI ya namna hiyo na Evo X kwetu hununuliwa kwa mtu aliyeiingiza zamani, na kila mwenye nayo anajua hilo anapotaja bei. Mwenzangu, usiharakishe kwa sababu ya picha nzuri. Yako mengi sokoni kule Japani, na wewe bado unaweza kungoja.

FundiWaMabatini alijibu:

MwanaEvo, wakili wako ameshinda nusu ya kesi, nami nakubaliana naye kuhusu gia za mkono. Kuhusu kona sitabishana, maana mimi magari haya huyaendesha kutoka gereji hadi barabarani na kurudi.

MuuzaNyavu aliandika:

Nawashukuru sana, wakubwa na wenzangu. Baada ya kuwasoma nilimwandikia muuzaji wa STI na kumwomba picha zaidi. Ndani kuna geji ya presha ya tabo iliyobandikwa juu ya dashibodi na ekzosi si ya kiwandani, na nilipomuuliza kama kompyuta ilipangwa upya alinijibu kwamba hana taarifa. Nimeliacha. Evo yenye SST nayo nimeiacha, kwa shingo upande, kwa sababu rangi yake ilikuwa nyekundu ileile ya ubishi wa barazani.

Nimepata STI nyingine ya mwaka 2010, nyeupe, gia za mkono, cc 1,994, imetembea kilometa 118,000, na kila kitu kinaonekana ni cha kiwandani. Nyavu zitaingia. Muuzaji anasema mkanda wa taimingi ulishabadilishwa, na amenitumia picha ya stika iliyobandikwa ndani ya boneti. Imeandikwa kwa Kijapani, lakini tarakimu ninazisoma: kilometa 96,400, na tarehe inaanza na 27, kisha 11, kisha 8. Nimeshindwa kuielewa. Hiyo 27 ni siku, na 11 ni mwezi? Na 8 ni mwaka gani?

FundiWaMabatini alijibu:

Umefanya vyema kuomba picha. Stika hiyo huwekwa na fundi wa kule aliyebadilisha mkanda, na mimi huiamini kuliko maneno ya muuzaji yeyote. Wajapani huanza na mwaka, kisha mwezi, kisha siku, na mara nyingi mwaka huo huuhesabu kwa zama za mfalme wao. 27 ni mwaka wa 27 wa zama za Heisei, zilizoanza mwaka 1989, kwa hiyo ongeza 1988 utapata 2015. Mkanda ulibadilishwa tarehe 8 Novemba 2015.

Kwa kilometa una mbio zilizobaki, kwa kuwa mkanda umetembea 21,600 tu tangu hapo. Lakini ni mpira, na umekaa humo muda wa miaka kumi, na mpira huzeeka hata gari likiwa limeegeshwa. Nunua gari, ila agiza mkanda mpya, rola na pampu ya maji pamoja nalo, uviweke kwenye buti. Likifika Mwanza lilete Mabatini kwanza kabla hujalivusha Kigongo.